Tone Dogo la Maji ni Onyo

Mwenye gari aonapo tone la maji chini ya injini asubuhi, mara nyingi hujaza rejeta na kushika safari. Ndivyo alivyofanya mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa kabeji. Siku kumi alijaza maji. Siku ya kumi na moja, akipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu, mvuke ulifuka, injini ikazimika, na kabeji zikanyauka njiani.

Kosa halikuwa la mlima. Pampu ya maji, ambayo katika magari mengi huzungushwa kwa mkanda, huyapeleka maji kutoka kwenye rejeta hadi kwenye injini. Chini ya mhimili wake huwa na tundu dogo, lililowekwa kwa makusudi. Sili ya ndani ichakaapo, maji hudondoka hapo kabla pampu haijaharibika kabisa. Ukisikia pia beringi ikikwaruza, usingoje, badili pampu.

Tena, maji yasiyokandamizwa huchemka pwani kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Limuru ni yapata nyuzi 93. Kifuniko cha rejeta huyakandamiza ili yasichemke upesi. Palipo na mvujo, faida hiyo hupotea.

Mshale wa joto ukipanda, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko kingali cha moto, maana maji yataruka na kukuunguza uso. Ngoja injini ipoe ndipo ujaze.

Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.