Kura 34 za Iowa: funzo kutoka safari ya Rick Santorum

Tunaposikia kwenye radio habari za uchaguzi wa Marekani, wengi wetu tunachanganyikiwa. Leo fulani ameshinda, juma lijalo ni mwingine, na rais bado hajachaguliwa. Sababu ni kwamba kila chama kikubwa kwanza kinauliza watu wake, jimbo kwa jimbo, nani atakisimamia. Mgombea anatafuta kura, lakini hasa anatafuta wajumbe watakaomchagua katika mkutano mkuu wa chama. Mwaka 2012, ndani ya chama cha Republican, ilihitajiwa wajumbe 1,144.

Kati ya wagombea wa mwaka ule alikuwa Rick Santorum, aliyekuwa seneta wa Pennsylvania tangu 1995 mpaka 2007. Alikuwa ametoka katika Seneti kwa kushindwa vibaya katika uchaguzi wa 2006. Pesa hakuwa nazo nyingi, na watu wachache tu walimhesabu. Basi akachagua njia ya miguu: alizunguka wilaya zote 99 za Iowa, jimbo linaloanza, akiongea na watu katika vikundi vidogo.

Tarehe 3 Januari 2012 watu wa Iowa walikutana, kila mtaa mahali pake, wakaandika jina kwenye karatasi. Usiku ule ilitangazwa kwamba Mitt Romney ameshinda kwa kura 8. Romney akaenda New Hampshire kwa jina la mshindi, akashinda huko pia. Ndipo karatasi zilipokaguliwa upya. Tarehe 19 Januari hesabu ikaonyesha Santorum kura 29,839, Romney 29,805. Aliyeitwa wa pili alikuwa mbele kwa kura 34! Tena matokeo ya vituo 8 hayakupatikana kamwe.

Angalieni vizuri: kosa lilisahihishwa, lakini zile siku 16 hazikurudishwa. Ukweli unaochelewa bado ni ukweli, ila aliyeumizwa na kuchelewa kwake analipa bei.

Mambo mengine mawili yanatuhusu sisi wa makanisa. Santorum ni Mkatoliki, lakini viongozi wengi wa kiinjili waliokutana Texas mwezi ule walimuunga mkono, kwa sababu ya msimamo wake juu ya ndoa na uhai wa mtoto tumboni. Walitazama anachosimamia kuliko kanisa analosali. Hata hivyo hawakuwa na sauti moja. Waamini wengine walipigia wagombea wengine, na hawakuacha kuwa wakristo.

Jambo la pili ni maandalizi. Tarehe 7 Februari alishinda Colorado, Minnesota na Missouri kwa siku moja. Baadaye akashinda Tennessee, Oklahoma, Alabama, Mississippi na kwingine. Lakini Virginia jina lake halikuwa hata kwenye karatasi ya kura, maana hakufikisha saini zilizotakiwa. Bidii kubwa bila watu wa kupanga karatasi inavuja kama mtungi wenye ufa.

Tarehe 10 Aprili, baada ya binti yake mdogo mgonjwa kulazwa hospitali, alitangaza huko Gettysburg kwamba anasimama. Mwezi wa tano akamuunga mkono Romney, yule yule aliyeshindana naye. Mwezi wa kumi na moja Romney naye akashindwa na Barack Obama.

Sisi tunaojua uchungu wa matokeo yenye mabishano, tusiseme kura moja si kitu. Mkristo anayeketi kama shahidi katika kituo, akihesabu polepole na kukataa kusaini uongo, anamtumikia Mungu wa mizani ya haki. Na mchungaji asimwahidie mgombea ushindi kwa jina la Bwana. Amuombee hekima, na moyo wa kukubali hesabu ya kweli, hata ikiwa imemwangusha.