Mafuta Ndani ya Mshipa: Kueleza Dawa ya Nusukaputi kwa Kiswahili

Kiswahili kimekwisha kutenganisha ganzi na nusukaputi: ganzi hufisha hisia za sehemu moja ya mwili, ilhali nusukaputi humlaza mtu mzima. Lakini zaidi ya hapo maelezo hukatika. Mkaazi wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, anayetakiwa kutia sahihi ya kukubali upasuaji, huenda akaulizwa iwapo ana mzio wa mayai au soya bila kuambiwa mayai yana uhusiano gani na usingizi. Ni kinaya, kwa kuwa mtaa huo una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka 1952, wa ukoo wa Freretown uliotupa pia James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Makala haya yanaeleza uhusiano huo wa mayai na usingizi.

Dawa inayohusika ni propofoli. Yenyewe ni kimiminika cha mafutamafuta kisichoyeyuka katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Matone makubwa ya mafuta yakiingia mshipani yanaweza kuziba mishipa midogo ya mapafu. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilipoanza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1977, iliiyeyusha kwa Cremophor EL, kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya mbarika. Baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali, na mchanganyiko huo ukaachwa. Mwaka 1986 propofoli iliingia sokoni kwa jina la Diprivan ikiwa na sura nyingine: asilimia 1 ya dawa, asilimia 10 ya mafuta ya soya, na asilimia 1.2 ya lesithini ya kiini cha yai.

Kazi ya lesithini inaeleweka kwa yeyote aliyeosha sufuria yenye mafuta ya nyama. Maji peke yake hayafui dafu; sabuni ndiyo hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Lesithini hufanya vivyo hivyo, ikiyazunguka matone ya mafuta yasiungane. Inastahili kuitwa kipatanishi. Zao lake ni emalsheni, nyeupe kama maziwa kwa sababu matone yake hutawanya mwanga.

Emalsheni hiyo ina kasoro. Bakteria hustawi ndani yake, hivyo chupa ikishafunguliwa haiwekwi. Mgonjwa akipewa kwa muda mrefu, mafuta huongezeka katika damu. Isitoshe, muda ukipita matone huungana na mafuta hujitenga.

Ndipo watafiti walipogeukia maikroemalsheni. Hoar na Schulman walikuwa wameeleza michanganyiko angavu ya mafuta na maji tangu 1943. Jina lilikuja 1959. Matone yake huwa chini ya nanomita 100 hivi, na vipatanishi huhitajika kwa wingi zaidi. Anayetafsiri jina hilo kuwa “emalsheni ndogo” anapotosha mara mbili: kilicho kidogo ni tone, si mchanganyiko, na tofauti ya msingi si udogo bali utulivu, maana mchanganyiko huu hujiunda wenyewe na haujitengi. “Emalsheni tulivu” lingekuwa jina bora.

Huko Korea Kusini propofoli ya aina hii, Aquafol, ilitengenezwa bila mafuta ya soya wala lesithini. Hata hivyo, wagonjwa waliumia zaidi wakati wa kudungwa. Mafuta ya soya, kumbe, yalikuwa yakiificha sehemu kubwa ya dawa. Yalipoondolewa, propofoli nyingi zaidi ilibaki huru majini ikigusa ukuta wa mshipa.

Kwa hiyo chupa nyeupe ndiyo ingali imezoeleka, pamoja na swali lake la mayai. Jibu lake Kiswahili kinalo tayari: mzio wa mayai aghalabu hutokana na protini za ute, nayo lesithini hutoka katika kiini, ndiyo maana wengi wenye mzio huo hupewa propofoli bila kudhurika.