Mali ya Mzee Aliye Hai: Matunzo, Fedha na Mivutano ya Ndugu Ngerengere

Matunzo ya mzee katika familia nyingi za Kitanzania huendeshwa kwa makubaliano ya mdomo, na makubaliano hayo hudumu maadamu ndugu wanaaminiana. Lakini fedha zikipungua, au thamani ya ardhi ikipanda, maswali ya nani agharamie, nani ashike fedha na nani aamue huzuka kwa pamoja, mara nyingi wakati mzee mwenyewe hana tena nguvu ya kuyajibu. Katika kata ya Ngerengere, Wilaya ya Morogoro, maswali hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu familia moja huweza kuongozwa na taratibu kadhaa za urithi. Waluguru, Wakwere na Wazaramo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ilhali reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 na mashamba ya mkonge viliwaleta watu wa mikoa mingine ambao mali yao hufuata upande wa baba, na Waislamu wengi hufuata mafungu ya sheria ya dini yao.

Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo ni ya ukoo wa mama, na mjomba, yaani kaka wa mama, ana kauli kubwa katika matumizi yake. Hivyo mwanamume mzee aliyelima shamba la ukoo wake huweza kutunzwa na wanawe wa kuwazaa, huku shamba hilo likitazamiwa kurudi kwa watoto wa dada zake. Wana huona kwamba wanatumia fedha zao kwa mzee ambaye mali yake itakwenda kwa wengine, na wapwa huona kwamba wana wanataka kuuza kisicho chao. Treni ya reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 husimama Ngerengere ikitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, imeisogeza ardhi ya eneo hili karibu zaidi na wanunuzi wa mjini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaitegemea familia kama msingi wa matunzo yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, lakini Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo; kwa hiyo mzee asiye na mafao ya kustaafu huishi kwa shamba, kwa msaada wa wanawe, na pengine kwa ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) iwapo kaya yake imo katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Hata pale ambapo mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo, nauli ya kwenda hospitali, chakula na dawa iliyokosekana zahanati huhitaji fedha taslimu.

Hapo ndipo mvutano wa kila siku unapoanza. Aliyeko Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu, pamoja na ya kutolea, naye huhesabu alichotuma. Aliyebaki nyumbani, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe, humwogesha mzee, humfulia na kuamka naye usiku, wala hakuna anayeihesabu kazi hiyo. Simu ya mzee huwa mikononi mwa mjukuu, na namba ya siri hujulikana na watu watatu au wanne, kiasi kwamba zikipungua elfu ishirini kila mmoja humshuku mwenzake. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa ya mwanzo ni daftari hilo hasa: tarehe, kilichoingia, aliyetuma, kilichotoka na sababu yake, iwe sabuni, dawa ya presha au bodaboda, risiti zikibanwa katika ukurasa wake, na siku za anayetunza zikiandikwa kama mchango sawa na fedha.

Mzee akitaka mtu amsimamie katika benki au ofisi, anaweza kutoa hati ya uwakilishi, yaani maandishi ya kisheria yanayompa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Mikataba uwakilishi hukoma anayewakilishwa anapofariki au anapopoteza akili timamu, na kwa hiyo hati hiyo humfaa mzee angali anajua anachokitia saini. Akili ikishapotea, njia halali ni kuiomba mahakama imteue msimamizi wa mali yake, jambo linalowezekana chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Kuhusu shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamishaji wa hakimiliki ya kimila uidhinishwe na halmashauri ya kijiji, na inairuhusu halmashauri kukataa uhamishaji unaomnyima mwanamke haki yake ya kuikalia ardhi. Ndugu wakishindwa kuelewana, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, huwasuluhisha bila kuwalazimisha. Afisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao ni watu wa kuwaendea kabla uhasama haujakomaa.

Sheria na desturi zote hizi hukutana katika kanuni moja ambayo kikao cha familia kinapaswa kuanza nayo: aliye hai harithiwi. Wana na wapwa wanaweza kubishana kesho juu ya shamba, lakini leo mazao ya shamba hilo, kodi yake na kila shilingi inayotumwa ni kwa ajili ya chakula, dawa na heshima ya mzee, naye ndiye wa kwanza kuulizwa anataka kuishi kwa nani na fedha zake zishikwe na nani. Kikao kinachomwuliza mapema, kikaandika jibu lake katika muhtasari na kumkabidhi kila upande nakala, hakimalizi tofauti zote za ndugu, lakini humkinga mzee asije akageuzwa uwanja wa ugomvi wao.