LORI LA MTU MWENYE LORI MOJA
Habari za malori ya Bedford: yalivyoanza, yalivyoenea, na sababu ya kukoma kwake

Watu wanaonunua malori ni wa namna mbili. Kuna kampuni kubwa iliyo na malori mengi, gereji yake yenyewe na mafundi wake. Lori moja likiharibika, jingine hushika nafasi yake siku ile ile. Tena kuna mtu mwenye lori moja tu. Huyu ameuza ng'ombe, amekopa fedha, na jina lake limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa lori. Lori likisimama njiani, kazi yake yote imesimama, lakini deni lake halisimami.

Leo twawaletea wasomaji wetu habari za malori ya Bedford ya Uingereza. Malori hayo yalipata sifa duniani kwa sababu yaliundwa kwa kumfikiria mtu huyu wa pili. Hayakuwa makubwa kupita yote wala yenye nguvu kupita yote. Yalikuwa malori ya kadiri, ya kubeba tani 2, 3, 5 au 7, na fundi wa kawaida aliweza kuyatengeneza kwa spana alizo nazo.

MWANZO WAKE

Bedford ni jina la mji, nao umo katika jimbo la Bedfordshire, kaskazini ya London. Katika jimbo hilo hilo umo mji wa Luton, ambako kampuni ya Vauxhall ilikuwa ikitengeneza motakaa. Mwaka 1925 kampuni hiyo ilinunuliwa na General Motors ya Marekani. Wakati huo General Motors ilikuwa imekwisha kuanza kuunganisha malori ya Chevrolet mahali paitwapo Hendon, karibu na London. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa Luton, na hapo ndipo ilipozaliwa nia ya kuunda lori la Kiingereza lenye jina lake lenyewe.

Lori hilo lilitoka mwezi wa Aprili, 1931. Lilikuwa la kubeba tani 2, na injini yake ya petroli ilikuwa na silinda 6 na nguvu za farasi 44. Aliyeijua injini ya Chevrolet aliona mara moja kwamba hizi mbili ni ndugu. Lakini waundaji wa Luton walikuwa wameongeza jambo moja la maana. Katika ile ya zamani, oili ilifika mahali pengi kwa kurushwarushwa tu na vyuma vinavyozunguka. Katika ile ya Bedford, oili ilisukumwa kwa pampu mpaka kwenye beringi za mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Mnunuzi hakuweza kuona badiliko hilo kwa macho, lakini mtu anayepanda milima na mzigo kila siku aliona faida yake, maana injini yake ilidumu.

Mwaka ule ule wakatoa basi dogo kwa kutumia vyombo vile vile, na mwaka 1932 wakatoa lori dogo zaidi la tani moja na nusu. Tangu hapo njia yao ilijulikana: kuwa na injini moja iliyojaribiwa vyema, kisha kuijengea malori ya ukubwa mbalimbali. Njia hiyo ilipunguza gharama kiwandani. Nako katika duka la spea, kipande kimoja kiliweza kufaa malori ya namna nyingi, na kwa hiyo hakikukosekana upesi.

WEPESI ULIOLETWA NA SHERIA

Huenda msomaji akauliza, kwa nini malori haya yalikuwa mepesi hivyo? Sehemu kubwa ya jibu ni sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930. Sheria ile ilisema kwamba lori ambalo likiwa tupu halizidi tani mbili na nusu laweza kwenda maili 30 kwa saa. Likizidi uzito huo, mwisho wake ni maili 20. Kodi ya barabara nayo ilihesabiwa kwa uzito wa lori tupu.

Fikiri maana yake kwa mwenye lori moja. Kwa mwendo wa maili 30 aliweza kwenda sokoni na kurudi mapema, pengine akapata safari ya pili siku ile ile. Kwa mwendo wa maili 20 asingeipata. Basi kila ratli ya chuma iliyopunguzwa katika fremu ilikuwa fedha mfukoni mwake, ila lori lisiwe dhaifu.

Mwaka 1934 watu wa Luton walitoa jibu lao, lori la tani 3 lililoitwa WT. Siri yake ilikuwa katika mahali pa injini. Waliisogeza mbele mpaka juu ya ekseli ya mbele, boneti ikawa fupi, na chumba cha dereva kikasogea mbele pia. Kwa hiyo nyuma pakapatikana nafasi ndefu ya mzigo pasipo kurefusha lori lenyewe. Tena mzigo haukulemea magurudumu ya nyuma peke yake, kwa kuwa sehemu yake ilichukuliwa na yale ya mbele. Mtu aliyepata kubeba mzega atafahamu upesi: uzito ule ule ukigawanywa vizuri pande mbili za bega hubebeka, ukiwa upande mmoja humwangusha mchukuzi.

Kwa hesabu ya mkulima, tani 3 za kipimo cha Kiingereza ni magunia 33 ya mahindi, kila gunia ratli 200. Kupeleka magunia 33 sokoni kwa mwendo wa maili 30 na kodi ndogo kulikuwa jambo kubwa kwa wakati ule.

WAKATI WA VITA NA BAADAYE

Mwaka 1939 Bedford ilitoa jamii mpya ya malori, lakini mara vita vikuu vya pili vikaanza, na kiwanda kikageukia kazi ya jeshi. Katika miaka ya vita yalitengenezwa malori karibu robo milioni. Miongoni mwake lilikuwamo la QL, ambalo magurudumu yake yote manne yaliendeshwa na injini, lipate kupita matopeni na mchangani. Kiwanda kile kile cha Luton kilitengeneza pia vifaru vya Churchill.

Vita hivyo vilibadili habari za malori hata huku kwetu. Askari wengi wa Afrika ya Mashariki walifunzwa udereva na ufundi jeshini, wakaendesha malori ya namna nyingi katika nchi za mbali. Waliporudi makwao walikuwa na ujuzi wa kazi ambayo wachache waliijua kabla yake, na wengine wakaanza kutafuta lori la kununua.

Mwaka 1950 Bedford ilitoa lori la tani 7, kubwa kupita yote iliyokuwa imeunda mpaka hapo. Baada ya miaka michache kazi yote ya malori ilihamishiwa Dunstable, maili chache kutoka Luton. Mwaka 1957 kampuni ikatoa injini yake yenyewe ya dizeli. Kabla ya hapo mwenye kutaka dizeli aliwekewa injini ya Perkins.

Kisha yakaja malori mawili ambayo wazee wengi wa Kenya wayakumbuka. La kwanza ni la J, lililotoka mwaka 1958 na kuitwa TJ baadaye. Lilikuwa na boneti mbele kama malori ya zamani. Fundi alifungua boneti, akasimama chini kando ya gurudumu, na injini yote ikawa mbele yake. Liliuzwa mara nyingi likiwa fremu na chumba cha dereva tu. Bodi ya mbao ilijengwa na maseremala wa nchi lilikopelekwa, kwa kadiri ya mzigo wa mahali pale. Huko Pakistani watu walilipenda hata wakalipamba kwa rangi, michoro ya ndege na maua, na minyororo ya kengele, na malori hayo yamejulikana duniani kwa uzuri wake.

La pili ni TK la mwaka 1960. Hili halikuwa na boneti. Dereva aliketi mbele kabisa, na injini ilikuwa nyuma ya kiti chake na chini yake. Ili fundi aifikie pasipo kuingia ndani, palitengenezwa milango midogo ubavuni, nyuma ya mlango wa dereva. TK lilibeba maziwa, makaa ya mawe, samani, barua na farasi. Hapakuwa na kazi ambayo halikutumwa.

Uimara wa malori haya ulionekana tena baada ya miaka mingi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka akiba ya magari ya kuzima moto yaliyoundwa juu ya fremu za Bedford. Mwaka 2002 wazima moto wa nchi hiyo walipogoma, jeshi lilitoa magari yale yale na kuyaendesha barabarani, nayo yalikuwa na umri wa karibu miaka 50.

KWA NINI YALIKOMA

Sifa nzuri ya zamani yaweza kumlaza mtu usingizi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Viwanda vya nchi nyingine vilianza kuunda malori ambayo chumba cha dereva huinuka chote na kulala mbele, injini ikabaki wazi kwa fundi. TK halikuwa hivyo. Bedford haikutoa lori la kadiri lenye chumba cha kuinuka mpaka mwaka 1980, lilipokuja TL. Yaani miaka 20 baada ya TK. Katika miaka hiyo yote wanunuzi walikuwa wakiyaona malori ya Ulaya na Japani, wakayapima na kuyanunua. Kampuni iliyopata jina kwa kumrahisishia fundi kazi iliachwa nyuma katika jambo hilo hilo.

Mwaka 1986 General Motors ilijaribu kuinunua Leyland, kampuni ya malori iliyokuwa mali ya serikali ya Uingereza, lakini watu na wabunge wengi walipinga na mashauri yakavunjika. Mwaka ule ule ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza malori ya Bedford. Kiwanda cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987 kwa David Brown, na malori yakaendelea kutoka kwa jina la AWD. Lakini mwaka 1992 kampuni hiyo nayo ilifilisika.

Huko Japani, Isuzu ilikuwa imetoa lori lake dogo liitwalo Elf mwaka 1959, la kubeba tani 2, dereva akiketi juu ya injini. Mwaka 1971 General Motors ilinunua zaidi ya theluthi ya hisa za Isuzu. Kampuni ya General Motors iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975 iliunganisha malori ya Bedford na ya Isuzu pia. Bedford ilipokoma, Isuzu ilibaki, na mwaka 2017 General Motors ilipouza hisa zake, kampuni hiyo ikawa Isuzu East Africa. Leo ukisimama kando ya njia kuu ya Kenya utayaona malori hayo ya Kijapani yakifanya kazi ile ile ya Bedford: mahindi, mchanga, viazi, mawe ya kujengea.

FAIDA KWA MNUNUZI

Basi habari hizi zamfaa nini mtu atakaye kununua lori leo? Kwanza, zamfundisha kuuliza lori lina uzito gani likiwa tupu, na limeundwa kubeba uzito gani. Wepesi wa lori la kadiri ulipatikana kwa hesabu ya waundaji, na hesabu hiyo ina mwisho wake. Mtu anayepakia magunia 60 katika lori la magunia 33 hajapata safari mbili kwa bei ya moja. Amenunua springi mpya, tairi mpya na breki mpya kabla ya wakati wake, tena atakutana na mizani ya barabarani, na mahali pa mteremko amehatarisha maisha yake na ya tanboi wake.

Pili, zamfundisha kutazama mahali pa injini kabla ya kutazama rangi. Na amwulize fundi wa mji wake, si mwuzaji peke yake: je, injini hii waijua? Spea zake zapatikana hapa, au mpaka ziagizwe mbali?

Tatu, asinunue kwa ajili ya jina tu. Jina la Bedford lilikuwa kubwa, na lilistahili kuwa kubwa. Lakini waliolinunua walilinunua kwa sababu lilifika sokoni asubuhi na kurudi jioni. Siku lilipopitwa na mengine, watu hao hao waliliacha. Mwenye lori moja hana nafasi ya kusubiri.