Saa nane ipi? Tovuti ya lugha mbili inavyoweza kukupoteza

Chukulia uko Kwa Mrombo, simu mkononi, unatafuta tangazo la kliniki ya watoto. Kwa Kiingereza limeandikwa 8:00 a.m. Kwa Kiswahili: "saa 8:00". Wewe unajipanga kwenda saa nane mchana. Unafika, mlango umefungwa. Hakuna aliyekudanganya, ni tarakimu tu zimebandikwa kutoka lugha moja kwenda nyingine, na zimekuchelewesha saa sita nzima.

Tovuti nyingi huendeshwa na mfumo wa kusimamia maudhui, mfano WordPress au Drupal. Mhariri anajaza fomu, mfumo unatengeneza ukurasa. Lugha ikiwa moja, raha tupu. Zikiwa mbili, tangazo moja linakuwa na matoleo mawili yaliyofungwa pamoja, kila moja na msimbo wake (sw, en), anwani yake na hali yake: hili bado rasimu, lile limeshachapishwa. WordPress inahitaji programu ya nyongeza kama Polylang kufanya hivyo. Drupal ina uwezo huo ndani yake.

Sasa fundo liko hapa. Mtu akibadilisha tarehe kwenye Kiingereza, Kiswahili hakina habari. Drupal ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tafsiri nyingine zimepitwa na wakati, ila lazima mhariri mwenyewe akitie tiki. Kwangu mimi, afadhali ukurasa usiotafsiriwa kabisa kuliko tafsiri iliyochacha. Ukikuta Kiingereza kitupu utauliza jirani. Ukikuta Kiswahili safi utakiamini.

Kutafsiri ni kazi ya watu, na Arusha inalijua hilo tangu zamani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa hapa hadi 2015, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda. Bila wakalimani na watafsiri kesi isingesogea.

Halafu kuna sarufi. Kwa Kiingereza mtengenezaji anaandika neno moja, "new", na mfumo unaliweka mbele ya chochote. Kiswahili hakikubali: tangazo jipya, kitabu kipya, makala mpya. Ukiacha kiolezo kiunganishe chenyewe utapata "kitabu mpya" (Nairobi huenda wasishtuke, lakini sisi hapa tutacheka). Dawa ni kutafsiri kirai kizima kwa kila aina ya maudhui, siyo neno mojamoja.

Na saa je? Hifadhi muda kama tarakimu za saa 24, 08:00, kisha toleo la Kiswahili lihesabu lenyewe: toa sita, weka kipindi cha siku, inakuwa "saa 2:00 asubuhi". Usiache neno "asubuhi". Kisha jaribu na 01:00, maana hapo kutoa sita kunagoma. Unaongeza sita, unapata saa 7:00 usiku.