Kibanzi cha Mfupa Kinachofichua Ligamenti Iliyokatika

Mchezaji anageuka ghafla huku mguu umekita chini, goti linalia, na kabla ya jioni limeshavimba. Hospitalini anapigwa eksirei, anaambiwa hajavunjika, anapewa dawa za maumivu na kuruhusiwa. Wengi huchukulia kwamba mambo yameishia hapo.

Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, hazisomeki humo. Lakini ligamenti ikivutwa kwa nguvu, wakati mwingine hunyofoka pamoja na kipande cha mfupa ilichojishikiza, na kipande hicho huonekana.

Mwaka 1879, miaka 16 kabla Wilhelm Röntgen hajagundua eksirei, daktari mpasuaji wa Paris, Paul Segond, alisokota magoti ya maiti ili aone yanavyoumia. Aliona kibanzi kikimeguka upande wa nje wa ncha ya juu ya muundi. Leo kibanzi hicho, kinachoitwa kwa jina lake, kikitokea kwenye picha, mara nyingi ligamenti ya mbele ya katikati ya goti, ambayo mashabiki wa soka huijua kama ACL, nayo imekatika. Kwa kuwa ni chembamba kama kipande cha ukucha, asiyekitafuta hukipita.

Zipo alama nyingine. Kwa watoto, ambao mifupa yao haijakomaa, ACL inaweza kubaki nzima ikang'oa kilele cha mfupa ilichoshika. Kwa mtu mzima, kibonyeo kirefu kupita kawaida kwenye fupa la paja, upande wa nje, huashiria kuwa mifupa iligongana goti lilipoteguka. Ligamenti ya nyuma nayo hupimwa kwa kusukuma muundi nyuma wakati picha inapigwa, kisha kulinganisha milimita na goti lisiloumia.

Alama hizi zikikosekana, ligamenti bado haijathibitishwa kuwa nzima. ACL nyingi hukatika bila kunyofoa mfupa. Kwa hiyo mikono ya daktari haina mbadala: hukunja goti nyuzi 20 hadi 30, akashika paja na kuvuta muundi mbele. Ukisogea kupita kiasi, MRI itaonyesha ligamenti yenyewe na gegedu.

Uvimbe huzuia kipimo hicho cha mikono siku za mwanzo. Aliyeambiwa picha yake ni safi arudi kupimwa ukipungua, hasa goti likimponyoka anapogeuka, na asiingie uwanjani kabla.