Fangasi wa mapajani: Kwa nini hupona na kurudi tena?

MUWASHO wa kinena na mapajani ni miongoni mwa maradhi ambayo wengi huyaficha kwa aibu, hususan wakazi wa miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa. Mgonjwa hununua krimu katika duka la dawa, upele hutoweka kwa wiki kadhaa, kisha hurejea, pengine kwa kasi kuliko awali.

Mara nyingi chanzo chake ni fangasi wanaokula keratini, protini iliyopo katika tabaka la juu la ngozi. Aina inayoongoza ni Trichophyton rubrum. Fangasi hao hustawi penye joto na unyevunyevu, ndiyo maana huwasumbua zaidi wanaume, wanamichezo, watu wanene na wanaovaa nguo za kubana. Dalili yake ni baka lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati kukionekana kama kumepona.

Sababu ya kwanza ya kurudi kwa ugonjwa huu ni miguu. Fangasi hao hao huishi katikati ya vidole, na mtu anapovaa nguo ya ndani huwapandisha hadi kinenani. Kwa hiyo sehemu zote mbili hazina budi kutibiwa pamoja, na soksi zivaliwe kabla ya nguo ya ndani.

Sababu ya pili ni kukatisha dozi. Krimu ya klotrimazoli kwa kawaida hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, hata kama muwasho umekwisha mapema. Dawa hiyo ipakwe hadi sentimita mbili hivi nje ya ukingo wa baka.

Tatu ni matumizi ya krimu zenye steroidi kali, kama betamethasoni na klobetasoli. Hizi hutuliza muwasho haraka, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, hubadili sura ya upele na kuwaacha fangasi wakienea. Zikitumika muda mrefu, huikondesha ngozi na kuiachia michirizi isiyofutika.

Aidha, si kila upele wa kinena ni fangasi wa aina hii. Bakteria, soriasis na mzio wa sabuni huweza kufanana nao. Upele unaosambaa hadi kwenye korodani, wenye vipele vidogo pembeni, huenda ukawa kandida, ambayo ikijirudia humlazimu mgonjwa kupima kisukari.

Ipo pia aina sugu ya fangasi, Trichophyton indotineae, iliyopewa jina hilo mwaka 2020, ambayo mara nyingi haisikii dawa ya terbinafini.

Kwa sababu hiyo, upele usiopona baada ya mwezi mmoja, au unaorudi mara kwa mara, unahitaji daktari, ambaye atakwangua magamba kidogo na kuyapima kwa hadubini. Pengine vidonge vitahitajika.

Wakati huohuo, mgonjwa ajikaushe vizuri baada ya kuoga, abadili nguo za ndani kila siku, na asichangie taulo na mtu mwingine.